Sura ya Tano: Paneli Itazame Kaskazini

Karatu iko kusini mwa Ikweta, nyuzi 3 na ushei tu. Kwa kijana anayejifunza kufunga sola kwa kutazama video kwenye simu, nyuzi hizo tatu zina maana kubwa. Video nyingi za bure za kazi hiyo zimetengenezwa Ujerumani, Uingereza na Marekani, na mwalimu aliyemo ndani yake anasema bila kusita kwamba paneli ielekezwe kusini, iinuliwe nyuzi 35 hivi. Kwa mtu wa Munich hilo ni sahihi kabisa. Kwa Karatu ni kinyume chake: paneli itazame kaskazini, na mwinuko uwe mdogo, nyuzi 10 hadi 15, ili maji ya mvua yateremke na kuosha lile vumbi jekundu linalotanda juu ya kila kitu wakati wa kiangazi. Aliyefuata video neno kwa neno atapata umeme, maana jua la huku linasamehe makosa mengi. Ila Juni na Julai, jua likiwa limehamia kaskazini, baridi ya Karatu ikiwa kali na wageni wamejaa wakidai maji ya moto, paneli yake itakuwa imelipa jua kisogo, na karibu nusu ya umeme wa adhuhuri atakuwa ameukosa.

Nimeanza na paneli kwa makusudi. Mazungumzo yetu kuhusu teknolojia ya kidijitali katika elimu ya ufundi huanzia kwenye vifaa: vishikwambi vingapi, projekta ngapi, nani kakata utepe. Vifaa vinahesabika na vinapigika picha. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 vilipogawiwa walimu, gumzo lilikuwa idadi yake. Masomo yaliyomo ndani hayakuzungumzwa sana. Katika ufundi, kilichomo ndani ndicho kinachoamua kama taa itawaka, na mara nyingi kimetengenezwa na mtu ambaye vumbi la Rhotia, hapa wilayani Karatu, hajawahi kulipangusa.

Tuziangalie kazi zenyewe. Karatu ni mji uliokuzwa na barabara. Lami ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000 kutoka Makuyuni hadi lango la Loduare, mlango wa Ngorongoro, lodji ziliota kwenye vilima na pembeni mwa mashamba ya kahawa. Nyuma ya kila lodji kuna mambo asiyoyaona mgeni: kisima na pampu yake, matangi ya maji ya moto, friji za jikoni, betri zilizopangwa katika chumba kidogo chenye joto. Ukiteremka Mang'ola, kwenye bonde la Ziwa Eyasi, wakulima wa vitunguu wanavuta maji kwa pampu za dizeli, na kila lita ya dizeli inapopanda bei mtu anauliza habari za pampu ya sola. Kwenye kaya za Wairaqw wanaofuga ng'ombe zizini kuna mitambo ya biogesi. Kusini mwa Eyasi, katika bonde la Yaeda wilayani Mbulu, Wahadzabe wamekuwa wakipata fedha kupitia mradi wa Carbon Tanzania kwa kuulinda msitu wao usifyekwe, na ulinzi huo unahitaji watu wa doria wanaojua kuweka kumbukumbu za walichokiona. Wizarani na kwa wafadhili hizi zinaitwa ajira za kijani. Fundi sola wa Karatu hajiiti mfanyakazi wa kijani. Anajiita fundi, na swali lake la kwanza ni kama malipo yatatolewa kwa wakati.

Anajifunzia wapi? VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo cha hoteli na utalii Njiro, Arusha. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza 1978, kina kituo cha nishati jadidifu huko Kikuletwa, wilayani Hai, kwenye mtambo wa zamani wa umeme wa maji. Vyote ni vyuo vya maana, na vyote viko kilomita 140 na zaidi kutoka Karatu. Kwa kijana wa Endulen au wa Wasso, wilayani Ngorongoro, umbali huo haupimwi kwa kilomita: kuna nauli, chumba cha kupanga, na mifugo ya baba isiyo na mchungaji. Serikali ilianza mwaka 2023 kujenga vyuo vya VETA kwenye wilaya zaidi ya 60 zilizokuwa hazina, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa 2025, imeleta mkondo wa amali sekondari. Ni hatua ambazo zingepaswa kuchukuliwa miaka 20 iliyopita. Hata hivyo jengo hupatikana kabla ya mwalimu, na mwalimu wa umeme wa majumbani hupatikana kabla ya mwalimu aliyewahi kufungua inveta. Pengo hilo ndilo linaloweza kuzibwa na simu.

Wazo si geni nchini. Mwaka 2016 VETA na kampuni ya simu ya Airtel walizindua VSOMO, programu ya simu iliyomwezesha mtu kusoma nadharia ya fani, kama vile umeme wa majumbani, akiwa popote, kisha akaenda chuo cha VETA kwa mafunzo ya vitendo kabla ya kupewa cheti. Mgawanyo huo ulikuwa wa busara, na naona hatujaupa heshima inayostahili. Haukudai kwamba mtu anaweza kuwa fundi kwa kubofya. Ulifupisha tu muda wa kukaa mbali na nyumbani.

Na kabla ya simu ilikuwepo redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wiki 12 mfululizo. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili chini ya kiongozi wa kikundi aliyefundishwa kazi hiyo, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Waliosimulia kampeni hiyo huisifu redio. Mimi ningemsifu zaidi yule kiongozi wa kikundi, na ile desturi ya kutoka nje na jembe baada ya kipindi. Redio ingelia peke yake barazani, watu wangesikiliza, wakacheka, wakaenda zao. Miradi mingi ya kidijitali tunayoletewa leo ina redio bila kiongozi wala jembe.

Sasa niingie karakanani, maana hapo ndipo panapoonekana nini simu inakiweza na nini haikiwezi.

Chukua kambi ya mahema inayotumia mfumo wa volti 12. Hema la mwisho liko mita 20 kutoka kwenye betri. Taa na chaja za simu za wageni zinavuta ampia 5. Fundi anafunga waya wa 1.5, yaani wa milimita mraba 1.5, kwa sababu ndio alioutumia siku zote kwenye taa za nyumba za mjini na ndio rahisi dukani. Umeme unakwenda mita 20 na kurudi mita 20, na katika mita hizo 40 za shaba nyembamba zinapotea volti 2.4 hivi. Kwenye hema zinafika 9.6. Taa inafifia, chaja inakataa, mgeni analalamika mapokezi, meneja anampigia fundi, fundi anakuja na kubadilisha betri ambayo haikuwa na kosa lolote. Wiki mbili baadaye ni yale yale. Angefunga waya wa 6, zingepotea volti 0.6 tu na asingeitwa tena.

Kosa la namna hii ni gumu kulifundisha kwa chaki. Mwanafunzi ananakili kanuni, anafaulu mtihani, anafika dukani na kununua waya wa 1.5. Kulifundisha kwa vitendo kunataka mizunguko ya waya wa kila unene, na shaba ni ghali. Chuo chenye wanafunzi 40 hakiwezi kukata waya kila wiki kwa ajili ya kuonyesha taa inavyofifia. Kwenye programu ya mfano wa saketi, mwanafunzi anatelezesha kidole, waya unanenepa, taa inang'aa. Anarudisha kidole, taa inafifia na namba ya volti inashuka mbele ya macho yake. Anaweza pia kuunganisha paneli kwenye kidhibiti chaji kabla ya betri, akaona kwa nini mafundi wazoefu wanakataza: betri kwanza, paneli baadaye, na wakati wa kufungua ni kinyume chake. Ataua vidhibiti 20 kabla ya saa nne asubuhi na hakuna atakayedaiwa hata shilingi. Uhuru wa kuharibu bure haupo kwenye karakana yoyote ninayoijua.

Ila programu hiyo haimfundishi kukaza skrubu ya terminali ya betri. Isipokazwa vizuri inapata joto, plastiki inaanza kunuka, na ile harufu fundi mzoefu anaisikia akiwa bado mlangoni. Mkono unajua kiasi cha kukaza kwa kukaza, na kwa kusimamiwa na mtu anayesema "bado", "bado", "basi". Haifundishi pia kupanda juu ya paa la bati lenye umande, wala kuzungumza na mteja anayetaka friji na pasi kwenye paneli moja.

Biogesi ni habari tofauti. Mtambo uliosambazwa na CAMARTEC, kituo cha teknolojia za kilimo na vijijini cha Arusha, kupitia mpango wa biogesi ya majumbani ulioanza 2009 ni kuba la tofali lililofukiwa ardhini. Kazi yote iko ndani: mpangilio wa tofali unaoinama hadi kukutana juu, tabaka za plasta zinazozuia gesi isivuje, usawa wa tundu la kutokea samadi. Ukishamwagiwa kinyesi na maji, hakuna atakayeona tena ndani. Mwanafunzi anayefika wiki ya mwisho ya ujenzi anakuta shimo lililofunikwa. Hapa video ya fundi mmoja hodari, iliyopigwa ndani ya kuba tangu tofali la kwanza hadi la mwisho, ina thamani kubwa kuliko safari tatu za mafunzo, kwa sababu inaonyesha kitu ambacho safari haikionyeshi. Video hiyo ikipigwa Mbulumbulu, wilayani Karatu, kwa udongo wa huko huko, mwanafunzi ataona pia mambo ambayo kitabu cha Kihindi au cha Kichina hakiyajui. Na mwalimu mwenye akili ataongeza dakika mbili za kueleza mahali ambapo mtambo huo haufai: kwa mfugaji wa Ngorongoro ambaye ng'ombe wake wanazunguka malishoni kutwa nzima na maji yanabebwa na punda, biogesi ni mzigo. Ajira ya kijani ya Karatu si lazima iwe ajira ya kijani ya Nainokanoka, huko Ngorongoro, ingawa ni majirani.

Magari ya umeme nitayapitia haraka. Nairobi, kampuni iliyoanza 2017 kwa jina la Opibus, sasa Roam, ilianza kwa kubadilisha magari ya dizeli ya safari kuwa ya umeme, na teknolojia hiyo inakuja kwenye njia ya watalii tupende tusipende. Madreva na makanika wa Karatu wamejifunza Land Cruiser kwa kufungua na kufunga. Betri ya gari la umeme ina mamia ya volti; ukijifunza kwa kufungua na kufunga, unaweza kufa somo la kwanza. Kwa kazi kama hii mafunzo ya kuigiza kwenye skrini yatangulie, bila mjadala.

Kuna wanaosema teknolojia itawaacha nje wasiosoma. Hoja hiyo naielewa, lakini ushahidi wa kuipinga uko karibu. Kinyasini, Unguja, Chuo cha Barefoot kimekuwa tangu 2015 kikiwafundisha kina mama wa vijijini, wengi wao wakiwa hawakupata shule ya kutosha, kutengeneza na kufunga vifaa vya sola. Njia yake ilitoka Tilonia, Rajasthan, kwenye chuo kilichoanzishwa na Bunker Roy mwaka 1972: rangi za vipande, picha, kurudia kwa mikono, na mwalimu ambaye naye ni mwanamke wa kijijini. Huko Afrika Kusini, Louis Liebenberg alibuni CyberTracker katika miaka ya 1990, programu ya alama za picha iliyowawezesha wasomaji wa nyayo wasiojua kuandika kuweka kumbukumbu za wanyama kwa kugusa picha. Wazee wa Eyasi wanaosoma nyayo vizuri kuliko mhitimu yeyote wa chuo hawana sababu ya kuachwa nje. Wanaachwa nje na mtu aliyeandika somo lote kwa aya ndefu za Kiingereza na kuliita la kisasa.

Mtandao nao. Ukipita vilima vya huku simu inakamata mlimani na kukatika bondeni, na bando la mwanafunzi linaisha kabla ya wiki. Kwa hiyo somo lolote linalohitaji intaneti kila dakika limekufa kabla halijafika Endulen. Dawa ipo na si ghali: programu ya masomo kama Kolibri hupakuliwa mjini mara moja, ikawekwa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, yenye ukubwa wa kiganja na inayokula wati chache tu, na simu zote zilizomo darasani zikachota masomo kutoka hapo bila bando. Umeme wake utoke kwenye paneli waliyoifunga wanafunzi wenyewe. Ikizimika, darasa la siku hiyo linakuwa kutafuta kwa nini imezimika.

Wakati wa kusoma Karatu inao, ingawa kalenda za vyuo haziuoni. Masika yakikolea, Aprili na Mei, wageni hupungua, baadhi ya kambi hufungwa na wafanyakazi hurudishwa nyumbani. Mhudumu wa vyumba, mlinzi, dreva, mpishi msaidizi, wote wanakaa kusubiri Juni. Wana simu, wana muda, na lodji zina mifumo ya sola inayohitaji matengenezo ambayo hayafanyiki wageni wakiwepo. Sioni mahali pengine Tanzania ambapo karakana, wanafunzi na nafasi vinakutana hivyo kwa miezi miwili kila mwaka, na bado muhula unapangwa kana kwamba watalii hawapo.

Nyuma ya lango la Loduare mambo ni mazito zaidi. Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa 1959 ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja, ina masharti makali juu ya kilimo na ujenzi wa kudumu. Tangu Juni 2022 serikali imekuwa ikihamishia familia Msomera, Handeni. Inasema wanaondoka kwa hiari, wakati wenyeji wengi na watetezi wa haki wanalalamika kwamba huduma zimebanwa ili waondoke. Desemba 2024 Rais Samia alikutana na viongozi wa Wamasai na kuahidi tume za kuchunguza suala la ardhi na uhamaji. Msimamo wangu ni kwamba kijana asicheleweshewe ujuzi kwa sababu wakubwa hawajamaliza kubishana. Ujuzi wa sola anaweza kwenda nao Msomera, au kubaki nao Endulen. Lakini pia nikatae mapema: kishikwambi kisitumike kama kisingizio cha kutojenga darasa, kwa madai kwamba watoto hao "wanasoma mtandaoni".

Linabaki suala la cheti. Karatu ina mafundi sola wazuri ambao hawajawahi kukaa darasani. Wamejifunza kwa kubeba ngazi ya fundi mwingine. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa, anazibiwa mapengo, anapewa cheti. Ni moja ya kazi nzuri za taasisi ile, na simu ingeifikisha mbali. Fundi angepiga picha za kazi zake kwa miezi kadhaa, kidhibiti kilivyofungwa, waya ulivyopita, kipimo cha multimita kikisomeka volti 12.7 betri ikiwa imejaa. Mtathmini angezipitia kabla ya kuja, na siku ya kufika angeshughulika na yale tu yasiyoonekana kwenye picha. Mafundi hao hao ndio walimu wa video ninazozililia sura nzima hii. Wanajua paneli inatazama wapi.

Ombi langu basi ni kwa halmashauri za Karatu na Ngorongoro, kwa wenye lodji, na kwa mfadhili yeyote anayeandaa mradi wa ufundi wa kidijitali huku. Bajeti ya vishikwambi ikateni nusu. Fedha inayobaki mlipeni fundi wa Karatu apigwe video akifanya kazi kwa Kiswahili anachoongea karakanani, na mlipeni mtathmini wa VETA aje kuwapima wanafunzi Mei, kabla wageni hawajarudi.